Kufundisha Lugha na Kufundishia kwa Lugha: Nafasi ya Lugha ya Kigeni katika Masomo ya Shule za Kenya na Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la kufundishia masomo ya shule kwa lugha ya kigeni, hususan Kiingereza, katika nchi za Kenya na Tanzania. Msingi wa mjadala ni tofauti iliyopo baina ya vitenzi viwili vya Kiswahili, yaani kufundisha na kufundishia. Makala yanaonyesha kuwa watunga sera, wazazi na hata walimu wamekuwa wakivichanganya vitendo hivi viwili, na kwamba mkanganyiko huo umewagharimu wanafunzi welewa wa masomo pasipo kuwapa umilisi wa Kiingereza uliotarajiwa. Hoja zinazotolewa kutetea hali iliyopo zinapimwa, na mapendekezo machache kutolewa.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa dhima za kauli ya kutendea katika Kiswahili ni kuonyesha ala ya kutendea jambo. Kalamu ni ya kuandikia, kisu ni cha kukatia na mwiko ni wa kusongea ugali. Kwa msingi huo huo, Kiswahili hutofautisha kati ya kufundisha lugha na kufundishia kwa lugha. Katika tendo la kwanza, lugha ndiyo somo lenyewe: mwanafunzi hujifunza sauti zake, sarufi yake, msamiati wake na fasihi yake. Katika tendo la pili, lugha ni ala tu. Somo ni jiografia, hisabati au kemia, na lugha ndiyo chombo kinachoyabeba maarifa hayo kutoka kwa mwalimu na kitabu hadi kwa mwanafunzi.

Tofauti hii ya kiambishi kimoja ni ndogo katika sarufi lakini ni kubwa mno katika elimu. Mzazi asemaye kwamba angependa mwanawe ajue Kiingereza anazungumzia tendo la kwanza. Matakwa yake ni ya haki, kwani Kiingereza kina manufaa yasiyoweza kukanushwa katika ajira, biashara na mawasiliano ya kimataifa. Hata hivyo, jibu ambalo mzazi huyo amepewa kwa miongo mingi ni la tendo la pili: mtoto wake atafundishiwa kila somo kwa Kiingereza. Imechukuliwa kuwa mambo haya mawili ni mamoja. Makala haya yanadai kwamba si mamoja, na kwamba ala isiyoshikika mkononi mwa mtumiaji haikati.

2.0 Usuli wa Suala Nchini Kenya

Katika kipindi kirefu cha ukoloni, watoto wengi wa Kiafrika nchini Kenya walianza masomo yao kwa lugha zao za kwanza au kwa Kiswahili, kisha wachache waliobahatika kuendelea wakahamia Kiingereza. Mwelekeo ulibadilika mwaka 1957, pale mpango mpya wa kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulipoanza kujaribiwa katika shule za watoto wa Kiasia jijini Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ulikuwa umeenea hadi shule za Waafrika.

Mara baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono matumizi ya Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilipendekezwa kiwe somo la lazima katika shule za msingi, nazo lugha za mama zikaachiwa kipindi cha kusimulia hadithi. Yafaa izingatiwe kwamba mkoloni aliyekuwa akiondoka hakulilazimisha taifa jipya kufanya uamuzi huu. Taifa lenyewe liliuchukua, kwa imani kwamba Kiingereza kingewaunganisha wananchi na kuwafungulia milango ya maendeleo.

Miaka kumi na miwili baadaye, Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilibadilisha msimamo huo kwa kiasi. Ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo mtoto afundishiwe kwa lugha inayotumika katika mazingira ya shule yake, kisha Kiingereza kichukue nafasi kuanzia darasa la nne. Kutokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliinua hadhi ya Kiswahili kwa kukifanya somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi, sambamba na Kiingereza.

Ukiitazama historia hii kwa makini, utaona kuwa hadhi yote aliyoipata Kiswahili shuleni imekuwa katika tendo la kwanza. Kiswahili kimefundishwa, hakijafundishia. Katika mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, mtahiniwa hujibu maswali ya Biolojia, Historia na Hisabati kwa Kiingereza, na karatasi anayoiandika kwa Kiswahili ni ya somo la Kiswahili lenyewe. Zaidi ya hayo, shule nyingi ziliendeleza desturi ya kumwadhibu mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama, desturi ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa fikra. Mtoto hufunzwa kwa njia hiyo kwamba lugha anayofikiria kwayo ni kosa la kinidhamu.

3.0 Usuli wa Suala Nchini Tanzania

Tanzania aghalabu hutajwa kama kinyume cha Kenya. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za umma, na Kiingereza kikabaki kuwa somo. Nia iliyotajwa katika mipango ya mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa kwamba Kiswahili kingepanda hatua kwa hatua hadi shule za sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza bayana kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari mwaka 1985 na katika vyuo vikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Tanzania aliyefundishiwa kwa Kiswahili kwa miaka saba alijikuta, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, mbele ya vitabu vya Kiingereza vya kila somo isipokuwa Kiswahili. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi hao na kukuta ni duni mno kuweza kubeba masomo ya sekondari. Ajabu ni kwamba pamoja na matokeo hayo, walishauri Kiingereza kiendelee kutumika kufundishia, kisha uanzishwe mradi wa kukiimarisha. Ugonjwa ulitajwa vizuri, lakini mgonjwa akaambiwa azidishe kile kilichomdhoofisha.

Watafiti wa Tanzania hawakunyamaza. Mlama na Materu walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1978 haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Roy-Campbell na Qorro waliliandikia kitabu suala hili mwaka 1997, na kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA uliwashirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway katika kulichunguza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango kwa Kiswahili kutumika katika ngazi zote za elimu. Mlango ulifunguliwa, lakini katika miaka iliyofuata shule za sekondari ziliendelea kufundishia kwa Kiingereza.

Hivyo basi, tofauti ya Kenya na Tanzania si kubwa kama inavyodhaniwa. Nchi zote mbili huishia kumkabidhi mwanafunzi wa sekondari maarifa katika lugha ambayo hajaimiliki. Kenya humhamisha mapema na Tanzania humhamisha baadaye.

4.0 Yanayotokea Darasani

Ili kuelewa gharama ya uhamisho huo, ichukuliwe mathalani darasa la Fizikia katika kisiwa cha Lamu. Mada ni kitovu cha graviti na uthabiti wa vyombo. Darasani yumo mtoto wa nahodha. Mtoto huyu anajua kwamba jahazi lisilo na shehena halipelekwi baharini hivi hivi. Hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga tumboni mwake, ili upepo ukilisukuma tanga lisije likapinduka. Anajua pia kwamba farumi huwekwa chini, wala hairundikwi juu ya sitaha. Maarifa hayo ndiyo somo lenyewe la siku hiyo: uzito ukishushwa chini, kitovu cha graviti hushuka, na chombo huwa thabiti zaidi.

Mwalimu akiuliza kwa Kiswahili ni kwa nini farumi huwekwa chini, mtoto huyo atanyoosha mkono kabla ya wenzake. Atakosea hapa na pale, mwalimu atamsahihisha, na kutoka kwenye lile analolijua atavushwa hadi kwenye kanuni asiyoijua. Lakini somo likiendeshwa kwa Kiingereza asichokimudu, farumi haitajwi, jahazi halitajwi, na mtoto hatambui kuwa kinachozungumzwa ni kile alichokiona kwa babake tangu utotoni. Ataikariri fasili iliyo ubaoni neno kwa neno. Huenda akapata alama mbili kwa kuiandika ilivyo, kisha akashindwa na swali linalomtaka aitumie. Mwalimu naye atahitimisha kuwa mtoto ni mzito wa kuelewa.

Mambo matatu hujitokeza katika madarasa ya namna hii. Kwanza, mwanafunzi hunyamaza. Swali ni zana kuu ya kujifunzia, na asiyeweza kuliunda kwa lugha ya darasa hubaki na tatizo lake moyoni. Pili, kukariri huchukua nafasi ya kufikiri, kwa kuwa sentensi ya kitabu ndiyo pekee ambayo mwanafunzi ana hakika kuwa ni sahihi kisarufi. Tatu, mwalimu mwenye huruma huchanganya ndimi: hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari kwa Kiingereza. Mbinu hii husaidia welewa, ila mtihani hauji kwa lugha mbili. Mwanafunzi aliyeelewa kwa lugha moja hutahiniwa kwa nyingine, na karatasi yake hupima Kiingereza chake ilhali juu yake pameandikwa Biolojia.

Nadharia ya Cummins, aliyoiasisi mwishoni mwa miaka ya 1970, inatoa mwanga hapa. Cummins alitofautisha umilisi wa mazungumzo ya kila siku na umilisi wa lugha ya taaluma. Mtoto anaweza kusalimiana, kucheza na kununua bidhaa kwa lugha ya pili baada ya muda mfupi, lakini huhitaji miaka mingi kabla ya kuweza kulinganisha, kufafanua sababu na kujenga hoja kwa lugha hiyo. Aidha, stadi za kitaaluma zilizojengwa vyema katika lugha ya kwanza huhamishika hadi lugha ya pili. Anayejua kusoma ramani kwa Kiswahili hatafundishwa upya maana ya ramani kwa Kiingereza. Atajifunza majina tu. Miaka mitatu ya mwanzo iliyopendekezwa na Gachathi, hata pale inapotekelezwa kikamilifu, huisha kabla msingi huo haujakauka.

Tatizo hili si la Afrika Mashariki pekee. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba asilimia 37 ya wanafunzi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hufundishiwa kwa lugha ambayo si ile wanayoielewa vizuri zaidi.

5.0 Hoja za Kutetea Lugha ya Kigeni

5.1 Hoja ya Istilahi

Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hoja hii ilikuwa na uzito zamani kuliko ilivyo leo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi kama kani, tungamo, mchapuko na usanisinuru zipo na zinatumika. Isitoshe, baadhi yake hujieleza zenyewe: anayesikia neno usanisinuru kwa mara ya kwanza husikia nuru ndani yake, na tayari amepata nusu ya maana.

Ithibati iliyo karibu zaidi ni taaluma ya Kiswahili yenyewe. Miaka hamsini au sitini iliyopita, ni wachache waliodhani kwamba fonolojia, mofolojia na sintaksia zingeweza kufundishiwa kwa Kiswahili katika chuo kikuu. Hii leo tasnifu za uzamili na uzamifu huandikwa na kutetewa kwa Kiswahili, na mwanafunzi hutamka mofimu, ngeli na kiarifu bila kujiuliza istilahi hizo zilitoka wapi. Zilitoka katika matumizi. Istilahi haikusubiriwa ikamilike ndipo ufundishaji uanze; ufundishaji ulianza, istilahi zikafuata. Hakuna sababu ya kimsingi inayofanya kemia ishindwe na jambo ambalo isimu imeliweza.

5.2 Hoja ya Umataifa

Hoja ya pili ni kwamba dunia inazungumza Kiingereza. Ni maarufu kauli ya Mwalimu Nyerere kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Kauli hiyo ni sababu nzuri sana ya kukifundisha Kiingereza. Si sababu ya kukifundishia. Hapa ndipo mkanganyiko wa vitenzi viwili unapoonekana waziwazi: kutokana na umuhimu wa lugha fulani, imehitimishwa kuwa kila somo lazima lipitie humo.

Jaribio la Ife nchini Nigeria linatoa fundisho. Kuanzia mwaka 1970, chini ya uongozi wa Babs Fafunwa, watoto walifundishiwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekibobea. Walilinganishwa na wenzao waliohamia Kiingereza baada ya miaka mitatu. Waliofundishiwa kwa Kiyoruba hawakuachwa nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifanya vyema zaidi.

Malaysia nayo ilianza mwaka 2003 kufundishia Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza. Mwaka 2009 serikali yake ilitangaza kuuondoa mpango huo kuanzia mwaka 2012, ingawa tangu mwaka 2016 shule zilizotimiza masharti zimeruhusiwa kuchagua kutumia Kiingereza katika masomo hayo. Nchi hiyo ilikuwa na walimu na rasilimali nyingi kuliko nyingi za Afrika, na bado iliona ugumu wa jambo hili.

5.3 Hoja ya Wingi wa Lugha

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na wapenzi wa Kiswahili hawana budi kuikabili kwa uadilifu. Kenya ina lugha zaidi ya arubaini. Kwa mtoto wa Turkana au wa Mandera, Kiswahili si lugha ya mama. Je, kumfundishia kwa Kiswahili si kumbadilishia mzigo tu?

Jibu lina pande mbili. Upande wa kwanza, ni kweli kwamba katika madarasa ya mwanzo mtoto huyo anastahili lugha ya nyumbani kwake, na Kiswahili hakipaswi kumfanyia yale ambayo Kiingereza kimewafanyia wengine. Mwanaharakati wa Kiswahili anayeipuuza Kiturkana au Kisomali hudhoofisha hoja yake mwenyewe. Upande wa pili, lugha za kigeni hazilingani katika ugeni wake. Kiswahili husikika sokoni, garini, redioni na katika nyumba za ibada. Mtoto wa darasa la sita hukipata hata nje ya shule, ilhali Kiingereza, kwa watoto wengi wa mashambani, huishia langoni mwa shule. Lugha inayoendelea kujifunzwa baada ya kengele ya jioni ina nafasi bora ya kuwa ala kuliko ile inayofungiwa darasani pamoja na madawati.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa.

(a) Lugha ya nyumbani itumike kufundishia kwa muda mrefu kuliko miaka mitatu, na mpito wowote uwe wa hatua kwa hatua, si wa siku moja.

(b) Kiingereza kifundishwe kama somo, kwa vipindi vya kutosha na kwa walimu waliokisomea. Mwalimu mmoja hodari wa Kiingereza humfaa mtoto kuliko walimu saba wa masomo mengine wanaokibabaisha mbele yake.

(c) Baraza la mitihani liwape watahiniwa wa sekondari hiari ya kujibu baadhi ya masomo, kwa kuanzia Historia na Jiografia, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Hatua hii haihitaji shule mpya; inahitaji maswali yachapishwe kwa lugha mbili na wasahihishaji waandaliwe.

(d) Wanafunzi wa Kiswahili wanaosomea ualimu pamoja na somo la pili, liwe Historia, Dini au Jiografia, waanze kuandika muhtasari, faharasa na vitabu vya ziada vya masomo hayo kwa Kiswahili. Hili la mwisho halingoji sera, na limo mikononi mwa vyama vya Kiswahili vyuoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakulenga kukifukuza Kiingereza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Kiingereza kikifundishwa vizuri, mwenyeji hupona. Kilichohojiwa ni desturi ya kumkabidhi mgeni kazi zote za nyumba huku wenyeji wakitazama. Waswahili pia huonya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao.

Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka siku hiyo huadhimishwa kwa hotuba, ngoma na mashairi. Sherehe hizo ni stahili yake. Lakini mtoto wa nahodha bado yumo darasani, anaijua farumi, na hajaulizwa.